Sura ya Sita: Aliyesahaulika ni Mteja

Oktoba 2023 Kenya nzima ilikuwa na gumzo moja. Chama cha Mawakili, LSK, kilitangaza kwamba kuna kijana anayejiita wakili ilhali si Wakili wa Mahakama Kuu. Kwa maelezo ya chama, alikuwa ametumia akaunti ya wakili halisi mwenye jina linalokaribiana na lake. Zikavuma habari mitandaoni kuwa amesimamia kesi 26 na kushinda zote. Hapo gumzo likageuka sherehe. Wengi walimwona kijana yule kama mwenzao aliyewapiku wenye vyeti, na mjadala ukawa iwapo mtu mwenye kipaji anahitaji karatasi.

Mimi nilisubiri mtu aulize habari za wateja. Hata tukichukua kwamba kila neno la uvumi ule lilikuwa kweli, aliyeshinda kesi kwa mdomo wa mtu asiye wakili amerudi nyumbani na hukumu yenye ufa. Hukumu ya mahakama husimama mpaka mahakama yenyewe iiondoe, lakini mpinzani aliyeshindwa amepewa sababu ya kurudi mbele ya hakimu na kuomba iondolewe. Na kama kesi ilipotea, mteja amepoteza haki na ada kwa mpigo mmoja. Tapeli akikamatwa, magazeti humfuata yeye hadi kizimbani. Mteja hubaki na faili mkononi, asijue hata pa kuanzia.

Sura hii ni ya mteja huyo. Sitamlaumu. Najua kwa nini watu huwaendea mawakili bandia: wako karibu na ofisi za ardhi na milango ya mahakama, wanazungumza lugha ya mteja, wanasikiliza, na ada yao hulipika kidogokidogo kwa M-Pesa. Wakili halisi mara nyingi yuko ghorofa ya saba, nyuma ya karani anayesema rudi Alhamisi.

Kabla ya lolote, ni lazima ujue uliangukia mikononi mwa nani. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, inataka mambo matatu kwa pamoja: mtu awe amekubaliwa kuwa wakili, jina lake liwe katika Orodha ya Mawakili, na awe na leseni ya mwaka huo. Leseni hufa tarehe 31 Desemba. Anayekosa hata moja kati ya hayo, sheria humwita mtu asiye na sifa. Lakini chini ya jina hilo moja wamejificha watu wawili wasiofanana. Wa kwanza ni wakili wa kweli, aliyesoma na kuapishwa, ila mwaka huo hakulipia leseni, ama kwa uzembe, ama kwa ukata. Wa pili hajawahi kuwa wakili, au alikuwa wakili na jina lake likafutwa katika Orodha. Ukiwa mteja huioni tofauti hiyo, kwani wote wawili wana suti na mhuri. Mbele ya sheria, tofauti hiyo ndiyo inayoweza kuamua iwapo ploti yako ni yako.

Utamtambuaje? LSK ina ukurasa wa kutafuta majina ya mawakili, unaoonyesha kama leseni ya mwaka iko hai. Kisa cha 2023 kilitufunza kwamba jina peke yake halitoshi: linganisha picha, namba ya uanachama na anwani ya ofisi, kisha piga simu kwa namba iliyoandikwa huko, usipige ile iliyo kwenye kadi uliyopewa. Halafu geuza hati yako uangalie chini. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Mawakili kinataka hati za kisheria kama hiyo zibebe jina na anwani ya aliyezitayarisha. Ukikuta pameachwa wazi, au pameandikwa jina la kampuni usiyowahi kuisikia, mambo hayako sawa.

Sasa tuje kwenye hati, ambako ndiko maumivu makubwa yaliko.

Kwa miaka mingi mahakama za Kenya zilikuwa na msimamo mkali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika shauri la Obura dhidi ya Koome, Mahakama ya Rufani ilikataa rufaa kwa sababu hati yake ilitiwa saini na wakili asiye na leseni. Mwenye rufaa hakuwa ametenda kosa lolote. Mwaka 2009, katika shauri la Benki ya Taifa ya Kenya dhidi ya Wilson Ndolo Ayah, mahakama hiyohiyo ilishikilia kwamba hati za benki zilizotayarishwa na wakili asiye na leseni ni batili, kwa hoja kwamba mahakama haipaswi kubariki kazi iliyofanywa kinyume cha sheria.

Ukiisikia hoja hiyo kwa mara ya kwanza inavutia. Ukiifuata hadi nyumbani kwa mwananchi inatisha. Mkopaji anachukua pesa za benki, anazitumia, muda wa kulipa unafika, na wakili wake anagundua kuwa aliyeandika hati ya rehani hakulipia leseni mwaka ule. Rehani inakufa. Mnunuzi wa nyumba aliyelipa hadi senti ya mwisho naye anajikuta vilevile: muuzaji mwenye tamaa, akiona bei imepanda maradufu, anachimba mpaka apate kosa la wakili na kudai mali yake. Sheria iliyotungwa kumlinda mteja dhidi ya asiye na sifa ikawa panga mikononi mwa mtu wa tatu, na shingo iliyokatwa ni ya mteja.

Desemba 2015 Mahakama ya Juu ililikabili jambo hili katika shauri la Benki ya Taifa ya Kenya dhidi ya Anaj Warehousing. Hati ya rehani ilikuwa imetayarishwa na wakili asiye na leseni, na Mahakama ya Rufani ilikuwa imekubali kwamba ni batili. Majaji wa Mahakama ya Juu walikisoma upya kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili na kuona jambo lililokuwa wazi siku zote: kifungu kinamkataza mtu asiye na sifa kuandaa hati na kinamwadhibu akifanya hivyo, lakini hakisemi popote kwamba hati yenyewe ni batili. Adhabu imeelekezwa kwa mkosaji. Mteja hana namna ya kujua kama wakili aliyeketi mbele yake amelipia leseni, na haikuwa haki kumtwisha mzigo wa siri asiyoijua. Mahakama ikaamua kwamba hati haiwi batili kwa sababu tu aliyeiandaa ni wakili aliyekosa leseni wakati huo.

Mwaka 2017 Bunge likaiweka kanuni hiyo ndani ya sheria kwa kifungu kipya, 34B. Wakili asiyechukua leseni anatenda utovu wa nidhamu wa taaluma, lakini hati aliyoiandaa inabaki na nguvu zake. Neno hati hapo limepewa maana pana: linabeba maombi ya mahakamani, hati za kiapo, mikataba na nyaraka nyingine zinazofanana na hizo. Kwa hiyo kama wakili wako ni yule wa kwanza, aliyezembea leseni, vuta pumzi. Hati yako haijafa. Anayekutisha kwamba imekufa anakutisha bure, au ana hamu na mali yako.

Ila hukumu ya Anaj ina sentensi nyingine, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mahakama ilisema kinyume chake pia: kwamba hati zilizotayarishwa na wale wengine wasio na sifa, yaani wasiowahi kuwa mawakili na waliofutwa katika Orodha, ni batili kwa kila hali. Kifungu cha 34B nacho kinamtaja wakili asiye na leseni tu. Mteja wa bandia halisi, aliyedanganywa zaidi kuliko wote, ndiye aliyeachwa nje ya mlango. Hoja iliyomwokoa mwenzake, kwamba mteja hawezi kujua, inamhusu yeye maradufu, kwa sababu huyu alionyeshwa hadi leseni ya kughushi. Naamini Bunge linapaswa kukirudia kifungu hicho na kumtaja mteja aliyetenda kwa nia njema, yeyote yule aliyemdanganya.

Kabla Bunge halijafanya hivyo, mtu afanye nini? Tuchukue mfano wa mama aliyenunua ploti Kitengela. Amelipa, amejenga vyumba viwili, kisha anagundua kwamba mkataba wake wa mauzo uliandikwa na mtu asiye wakili. Kama muuzaji bado ni mtu mwema, dawa ni ya siku chache wala haihitaji kesi. Waende pamoja kwa wakili halisi, waandike mkataba mpya unaokiri malipo yaliyokwisha kufanyika, watie saini mbele ya shahidi, na hati ya kuhamisha umiliki iandaliwe upya. Mama asikawie kwa kumwonea haya muuzaji. Wema wa muuzaji hupungua kadiri bei ya ardhi inavyopanda. Na asidhani kuwa hatimiliki ikishatoka mambo yamekwisha, kwa sababu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inaruhusu hatimiliki kupingwa ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria au bila kufuata utaratibu.

Kama muuzaji amekwisha kubadilika, mama bado hajaishiwa silaha. Mwaka 2014, katika shauri la Macharia Mwangi Maina na wenzake 87 dhidi ya Davidson Mwangi Kagiri, Mahakama ya Rufani iliwalinda wanunuzi waliokuwa wamelipa na kukaa katika ardhi, kwa kusema kwamba muuzaji anaishikilia ardhi ile kwa amana yao. Mwaka 2018, katika shauri la Willy Kimutai Kitilit dhidi ya Michael Kibet, mahakama hiyo ilikubali kwamba amana ya aina hiyo inaweza kumwokoa mnunuzi hata pale kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kilipokosekana. Mashauri hayo hayakuhusu mawakili bandia, nami sitaki kukuahidi kwamba jaji atayatumia kwako. Lakini yanaonyesha ushahidi gani una uzito: risiti za malipo, kuishi mahali penyewe, mawe ya msingi, bili ya maji, majirani walioona muuzaji akikuonyesha mipaka. Madai yako yasimame juu ya makubaliano na matendo yenu, usiyategemeze kwenye karatasi ya tapeli.

Habari ya pesa ni nyepesi zaidi, na wengi hawaijui. Kifungu kilekile cha 34 kinasema kwamba malipo aliyoyapokea mtu asiye na sifa kwa kazi iliyokatazwa humo, ikiwemo kuandaa hati za mali, kusajili kampuni na kushughulikia mirathi, yanaweza kudaiwa na aliyelipa kama deni la kawaida. Huhitaji kuthibitisha kwamba kazi ilikuwa mbovu. Hata kama aliandika hati nzuri kuliko ya profesa, pesa ni zako. Na akikudai salio, kifungu cha 31 kinamfungia mlango: aliyejifanya wakili hawezi kumshtaki mtu yeyote kudai ada ya kazi hiyo. Nimeona watu wakiendelea kulipa awamu kwa mtu waliyekwisha kumjua ni tapeli, kwa hofu kwamba walitia saini makubaliano ya ada. Acha kulipa leo.

Kama unachodai hakizidi shilingi milioni moja, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizi zilianza kazi 2021 chini ya sheria ya 2016, zinasikiliza madai ya pesa zilizopokelewa na mtu kwa niaba ya mwingine, na sheria inazitaka zimalize kesi ndani ya siku 60. Unaweza kufungua madai yako mwenyewe. Beba jumbe zote za M-Pesa, hata zile za shilingi mia mbili za kutoa fotokopi, na kadi yake ya biashara. Hasara ikiwa kubwa zaidi, kwa mfano ulipitisha mikononi mwake bei yote ya nyumba, kesi itakwenda kwa hakimu au jaji kulingana na kiasi, na hapo unadai zaidi ya ada: unadai kila ulichopoteza kwa kumwamini. Aliyejitangaza kuwa na ujuzi hupimwa kwa ujuzi aliojitangazia, na hawezi kujitetea kwamba hakusoma.

Muda nao usikuvunje moyo. Madai ya mkataba yana miaka 6 na madai ya madhara yana 3, lakini penye ulaghai kifungu cha 26 cha Sheria ya Ukomo wa Madai huanza kuhesabu siku ulipougundua ulaghai, au siku ambayo mtu makini angeugundua. Kwa hiyo andika mahali tarehe uliyojua, na namna ulivyojua.

Shida ni kwamba tapeli mwenyewe mara nyingi hana kitu cha kukamata. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza alikuwa akitumia mhuri wa nani. Wako mawakili halisi wanaowaazima watu hawa jina na mhuri kwa mgao wa ada, na sheria inakataza hilo. Ukimpata wakili wa namna hiyo umepata mtu mwenye ofisi na mali, mwenye jina la kulinda. Mlalamikie kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo inaweza kulifikisha jambo katika Baraza la Nidhamu. Lakini usipoteze miezi ukimlalamikia huko mtu ambaye hajawahi kuwa wakili. Tume na Baraza vinatawala mawakili. Bandia kamili yuko nje ya mamlaka yao, na barua yako itajibiwa hivyo.

Huyo ni wa polisi. Piga ripoti, chukua namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, peleka nakala kwa LSK na kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai. Kujifanya wakili ni kosa chini ya kifungu cha 33 cha Sheria ya Mawakili, na kujipatia pesa kwa hila ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, lenye kifungo cha hadi miaka 3. Akitiwa hatiani, mahakama ina uwezo wa kuamuru akulipe fidia, na Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi ya kusikilizwa. Mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unataka fidia, kwa kuwa asipoiomba inaweza isitajwe kabisa. Wala usiiache kesi ya madai ukingoja ya jinai iishe. Njiani huenda tapeli akaja kwa upole, na bahasha, akitaka yaishe kinyumbani. Pokea pesa zako, mwandikie risiti, lakini usitie saini ahadi ya kutotoa ushahidi. Kosa la jinai ni la Jamhuri, na karatasi hiyo inaweza kukuingiza wewe mwenyewe matatani.

Kwa msomaji wa Tanzania, ramani inabadilika kidogo. Huko watu hawa huitwa vishoka, na walistawi kwa sababu inayoeleweka: kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo mwananchi mwenye kesi ya shamba alimtafuta mtu wa kumwandikia, na aliyekuwepo alikuwa kishoka chini ya mwembe. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kutafuta jina la wakili na hali ya leseni yake. Utumie, maana huko kosa la leseni limewahi kuhukumiwa kwa ukali zaidi. Katika shauri la Edson Osward Mbogoro dhidi ya Dk. Emmanuel John Nchimbi, Rufaa ya Madai Namba 140 ya 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi ya wakili asiye na leseni hai haina nguvu ya kisheria. Mfariji wa mteja wa Kenya, yaani hukumu ya Anaj, si sheria Dodoma wala Mwanza.

Turudi Kenya. Limebaki la kesi iliyo mahakamani, nalo nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lisilongoja. Ukigundua leo kwamba anayekuwakilisha si wakili, kesho asubuhi nenda masijala ukaombe kuona faili lako. Utakuta mojawapo ya mambo haya: kesi inaendelea, au imetupwa kwa sababu hakuna aliyefika, au imeamuliwa bila wewe kusikilizwa. Kama inaendelea, wasilisha taarifa kwamba sasa unajiwakilisha mwenyewe au una wakili mpya, mweleze hakimu ukweli wote, na uombe ruhusa ya kuwasilisha nyaraka upya. Kama imetupwa au imeamuliwa, Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010 zinakuruhusu kuomba amri hiyo iondolewe, na Katiba ya 2010 iko upande wako: ibara ya 50 inakupa haki ya kusikilizwa, na ya 159 inaitaka mahakama isiifanye taratibu kuwa kubwa kuliko haki.

Majaji wa Kenya wamesema mara nyingi kwamba kosa la wakili lisimwangukie mteja. Wamesema mara nyingi vilevile kwamba kesi ni ya mteja, na aliyelala asimsingizie wakili. Kati ya kauli hizo mbili, kitakachokupeleka upande huu au ule ni mwenendo wako: ulipiga simu mara ngapi, uliandika ujumbe gani, ulifika mahakamani lini, na baada ya kugundua ulikaa siku ngapi. Katika shauri la Nicholas Kiptoo arap Korir Salat la 2014, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuongezewa muda si haki ya mtu, ni hisani ya mahakama, na anayeiomba lazima aeleze sababu ya kuchelewa. Kwa hiyo hati yako ya kiapo itaje tarehe moja baada ya nyingine, na iambatanishe picha za jumbe zake za kukudanganya: kesi imeahirishwa, jaji yuko likizo, tutaitwa.

Na kama dirisha la rufaa limebakiza siku tatu, mambo ya polisi, ada na LSK yaweke kando kwanza. Chukua taarifa ya rufaa, ijaze kwa jina lako, uifikishe masijala kabla hawajafunga.